Jinsi Fundi Taratibu Alivyopunguza Mafuta ya Breki

Fundi Taratibu hakunywa sumu. Hilo litangulie, kwa kuwa neno hilo limekwisha kuzungushwa dukani, saluni na kwenye mabenchi ya zahanati kama sahani ya karanga, kila mmoja akichota na kuongeza chumvi yake. Hakuwa mlevi. Hakuwa amerukwa na akili. Wala hakuwa amechoshwa na mke msomi anayemfanya mtoto ndani ya nyumba yake, kama wanavyosema wale ambao hawajawahi kuvuka kizingiti cha nyumba hiyo. Wanaojitetea kwamba lisemwalo lipo wakumbuke kuwa siku ile barabarani, ukimwacha binti aliyelala kiti cha nyuma akiugulia, na mwenye duka ambaye hakutoka nje, palikuwa na watu watatu tu: fundi mwenyewe, mkewe, na mziba pancha wa pale. Wa kwanza amekufa. Wa pili hapendi maneno mengi. Wa tatu anaitwa Redio.

Ni kweli kwamba mafuta ya breki yaliingia kinywani mwake kwa mpira, mchana kweupe. Hapo Redio hakusema uongo. Ila aliona mdomo na mpira, akarukia mwisho wa hadithi bila kupita katikati. Katikati yake ni hii.

Alikuwa fundi wa breki kwa miaka thelathini na mmoja, katika kibanda cha mabati nyuma ya mashine ya kusaga unga, mahali ambapo kila kitu kilikuwa na vumbi jeupe isipokuwa zana zake. Shule aliiacha darasa la sita, baba yake alipofariki. Jina la Taratibu alipewa na wateja. "Mpelekee gari likiwa jipya," walikuwa wakitaniana, "utalichukua likiwa na wajukuu." Yeye hakukasirika. Alijibu akiwa bado chini ya gari, miguu tu ikionekana: "Injini ikikusaliti, utachelewa kufika. Breki zikikusaliti, utawahi mno, tena kwa Mungu. Chagua mwenyewe."

Ukutani mwa kibanda, kwenye misumari mitatu, yalining'inia mabomba matatu makubwa ya sindano, yasiyo na sindano, yaliyonunuliwa duka la dawa. La kwanza lilifungwa uzi mwekundu, nalo ni la mafuta ya breki. La pili uzi mweusi, la oili ya injini. La tatu halikuwa na uzi, lilikuwa la maji ya rejeta. Wenye gereji kubwa walimcheka kwamba karne hii anafanya kazi na vifaa vya nesi, wakati mashine za kuvuta mafuta zipo. "Kutoa vijiko vitatu vya mafuta nitafute mashine?" angewauliza. "Na wewe nyumbani unakoroga chai kwa trekta?"

Lakini ukilichomeka bomba jekundu penye oili, utani uliisha. Kila aliyesimama kumtazama alielezwa, hata kama hakuuliza. Tone moja la oili likiingia kwenye mafuta ya breki, ile mipira midogo iliyomo ndani hulinywa, ikavimba kama maharage yaliyolowekwa. Leo gari linasimama vizuri, kesho linajishika lenyewe, keshokutwa unakanyaga na mguu unazama hadi sakafuni. Ndiyo maana bomba la breki halikuazimwa, halikuoshwa na kitambaa cha mtu mwingine, halikuwekwa chini.

Na alikuwa na desturi nyingine. Kabla ya kufunga pedi mpya za breki alifungua boneti kwanza, akavuta mafuta kidogo kutoka kwenye kitangi, kile kichupa cha plastiki chenye mstari wa juu na mstari wa chini. Pedi zilizolika ni nyembamba, kwa hiyo mafuta huwa yameshuka kuzifuata huko magurudumuni. Ukileta pedi nene na kuirudisha nyuma pistoni, ile inayozisukuma pedi, mafuta nayo hurudi juu. Kama kitangi kimejaa, yatakosa pa kwenda.

Mkewe alikuwa mwalimu wa sayansi, na baadaye naibu mkuu wa shule. Yeye ndiye aliyemsomea vitabu vya magari, kwa sababu vimeandikwa kwa herufi ndogo na lugha kubwa. Alasiri za Jumamosi fundi aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkewe kwenye kiti, miwani puani. "Mwalimu, hapo rudia," angesema. "Hapo huyo mwandishi hajawahi kushika spana." Mke angerudia. Wakati mwingine fundi alikuwa sahihi na kitabu kimekosea, na mwalimu akaandika pembeni kwa penseli: *Fundi hakubali.* Huko ndiko kumfanya mtoto kunakosemwa mitaani.

Gari lao wenyewe, jeupe na kuukuu, lilikuwa limesimama kibandani wiki tatu likingoja pedi za mbele. Mganga hajigangi. Alhamisi moja mchana alipata nafasi, akalipandisha kwenye stendi, akavua magurudumu ya mbele na kutoa pedi zilizokwisha. Akafungua boneti, akaona mafuta kwenye kitangi yamekaa kidogo juu ya mstari wa chini. Akaridhika. Pedi mpya zingeyapandisha zenyewe hadi mahali pake. Safari hii hapakuwa na haja hata ya kushusha bomba jekundu. Aliacha boneti wazi akaenda kumaliza gari la mteja aliyekuwa akisubiri.

Nusu saa baadaye mkewe alipita kibandani kuchukua madaftari yake kwenye buti. Akaona boneti wazi na mafuta ya breki chini sana. Yeye mwenyewe ndiye aliyesoma kwa sauti, si mara moja, kwamba mafuta ya breki yawe karibu na mstari wa juu wakati wote. Kwenye rafu palikuwa na chupa mpya iliyozibwa. Akanawa mikono, akaifungua, akamimina polepole hadi kwenye mstari wa juu barabara, akafuta ukingo kwa karatasi safi, akafunga mfuniko na kushusha boneti. Kazi nzuri, hata fundi asingeikosoa. Alikusudia kumwambia jioni wakila. Jioni hiyo kitindamimba wao, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyekuwa fundi cherehani, aliinuka mezani bila kugusa sahani, akashika tumbo, akakaa chini pale pale kwenye zulia. Habari ya mafuta ikafutika.

Asubuhi, saa tatu kasoro, tabibu wa zahanati alimbonyeza tumbo upande wa kulia chini, kisha akaachia ghafla. Binti alipiga ukelele uliosikika hadi nje kwenye foleni.

"Kidole tumbo," tabibu akasema. "Hiki si cha vidonge. Leo hii akatwe. Hospitali kuu."

"Gari la wagonjwa?" mwalimu akauliza.

"Limeondoka alfajiri na mama mjamzito. Halijarudi." Akaandika barua upesi. "Tafuteni usafiri wenu. Na nisikilizeni vizuri, Mzee. Maumivu yakizidi, endeleeni kwenda. Lakini yakikata ghafla, akasema amepona, msifurahi. Hapo kitakuwa kimepasuka, na sumu yote imemwagika ndani. Baada ya hapo kila dakika inahesabika."

Hospitali kuu iko kilomita arobaini na kitu, ng'ambo ya vilima. Teksi ya mtaa ilikuwa safarini. Jirani mwenye pikapu hakupokea simu. Fundi hakungoja kupiga mara ya pili. Alikwenda kibandani nusu akitembea nusu akikimbia, na waliomwona walisimama kutazama, maana kumwona Taratibu akikimbia ilikuwa kama kuona mashine ya kusaga ikitembea.

Alizifunga zile pedi kwa dakika arobaini, kazi ambayo kwa kawaida ingemla saa mbili na birika la chai. Alizisukuma pistoni nyuma, ya kushoto kisha ya kulia. Ya kulia ilikuwa nzito kidogo. Alihisi uzito huo mkononi, akauacha. Hakunyanyua boneti, kwa kuwa jana aliangalia kwa macho yake na nafasi ilikuwepo. Akarudisha magurudumu, akakanyaga pedali mara kadhaa ikawa ngumu chini ya mguu, akashusha jeki. Boksi la spana likabaki wazi sakafuni, na mabomba matatu ukutani. Binti alilazwa kiti cha nyuma kichwa kikiwa juu ya mto, mama yake akaketi mbele amegeuka nyuma kumshika mkono.

Kilomita kumi na tano za kwanza gari lilikwenda. Barabara ikaanza kupanda nyuma ya malori, simama, nenda, simama tena, mguu wake haubanduki kwenye breki. Kisha akaanza kulihisi gari linakuwa zito, kama mtu aliyeshikwa shati kwa nyuma. Akapunguza gia. Harufu ikaja, ile harufu kali ya pedi zinazoungua ambayo angeitambua hata usingizini. Mkewe naye aliisikia.

"Ni lori la mbele?" akauliza.

"Ni sisi," fundi akasema.

Alisimama pembeni. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka magurudumu yote mawili ya mbele. Alishika tairi akauondoa mkono haraka. Akafungua boneti: kitangi kilikuwa kimejaa hadi shingoni, hakionyeshi hata nafasi ya unywele. Alipofungua mfuniko, mafuta yalifurika yakateremka ubavuni mwa plastiki. Yalikuwa yamepata moto, yametanuka, yamekosa pa kwenda, yakawa yanasukuma pedi zenyewe.

"Nani kaongeza mafuta humu?" aliuliza, bila kupaza sauti.

Mkewe alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti. Akalitazama kopo lile la plastiki na mistari yake miwili, na mtu aliyefundisha watoto kwa miaka ishirini na nane kwamba vitu hutanuka vikipata joto hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Mimi," akasema. "Jana. Yalikuwa chini. Nilisahau kukwambia."

Fundi alimtazama. Ndani ya gari binti aligumia, akaita, "Mama..." kwa sauti ya mtoto mdogo.

"Basi, Mwalimu," fundi akasema. "Tuyatoe."

Alichovya leso yake ikalowa, akaikamua majanini, akachovya tena. Shingo ya kitangi ilikuwa na kichujio, leso haikuweza kufika chini. Iliyafuta yale ya juu tu. Magurudumu yalipopoa kidogo wakaondoka, na kwa kilomita mbili gari likawa jepesi. Mwalimu akaanza hata kupumua. Kisha likashikwa shati tena. Saa ya kwenye dashibodi ilionyesha saa tano na nusu, na hospitali ilikuwa bado kilomita ishirini na mbili, nusu yake mteremko wa kona kona.

Alilikokota hadi penye maduka manne kando ya barabara: la vifaa vya ujenzi, mawili yaliyofungwa, na kibanda cha mziba pancha. Mziba pancha alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya sufu, anayezungumza hata akiwa amebana misumari midomoni. Ndiye Redio.

"Karibu, Mzee! Karibu, Mama! Gari linavuta sigara hilo?"

"Una spana ndogo? Namba nane, namba kumi?"

"Mimi? Mimi nina spana ya magurudumu na upendo tu, Mzee."

Spana ndogo ingefungua skrubu kule chini magurudumuni na kuyaachia mafuta. Zake zilikuwa zimebaki sakafuni kibandani. "Bomba la sindano je?"

"Bomba ninalo!" Redio akaruka ndani, akatoka nalo. Lilikuwa kubwa, zuri, halijapasuka. Fundi alilipokea, akalisogeza kwenye mwanga. Ndani ya pipa lake palikuwa na utando mweusi.

"Ulivutia nini?"

"Oili, Mzee. Gia boksi za pikipiki. Lakini nalifuta! Tazama, nalifuta kwa fulana yangu mwenyewe."

Fundi alilishika kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Tone moja. Kilomita ishirini na mbili si nyingi. Mipira haivimbi kwa saa moja, pengine. Pengine ingefika kesho ndipo ivimbe. Pengine. Ila mbele yake palikuwa na mteremko, na mafuta tayari yalikuwa ya moto, na nyuma palikuwa na mtoto. Katika miaka thelathini na mmoja hakuwa amewahi kumwambia mteja neno pengine juu ya breki. Akamrudishia.

"Mpira wa kuvutia?"

"Huo hapo." Mpira mweupe wa kung'aa, unaoonyesha ndani hadi mwisho, kama wa hospitali. Fundi aliunusa. Petroli. Petroli nayo huila ile mipira ya ndani.

"Mzee, unanunua manukato au unatengeneza gari?"

"Mwalimu," fundi alisema akigeuka. "Duka la dawa lazima liwepo karibu. Bomba jipya. Lililo bado ndani ya karatasi yake. Kubwa kuliko yote waliyonayo."

"Lipo huko juu, penye mnara," Redio akasema. "Dakika kumi kwa mguu. Kama mwenyewe hajaenda kula. Huwa anakula mapema yule, ana vidonda vya..."

Mwalimu alikuwa amekwisha kuondoka.

Fundi alilowesha leso tena, akakamua, akalowesha. Akapata sponji kwa Redio, akaliona limejaa mchanga, akalitupa. Dakika kumi zikapita. Alitazama juu barabarani kuelekea mnara, malori tu. Dakika kumi na tano. Akafungua mlango wa nyuma, akapiga goti, akampangusa binti jasho.

"Baba," binti akasema. Alikuwa amefumbua macho, tena anatabasamu kidogo. "Imeacha."

"Nini imeacha, mwanangu?"

"Kuuma. Imeacha yenyewe. Najisikia nafuu."

Baba yake alibaki amepiga goti pale, mkono juu ya paji la uso lile lililoanza kupoa. Redio, aliyekuwa akichungulia nyuma yake, akasema, "Alhamdulillahi, unaona, Mzee? Mungu si Athumani." Fundi alisimama akampita, akaingia duka la vifaa vya ujenzi, akamwambia mwenye duka amkatie mpira mwembamba, mpya, nusu mita.

"Mweupe umekwisha. Upo mweusi."

"Umewahi kupita kitu ndani yake?"

"Umetoka kiwandani jana, Mzee. Hata hewa haujauonja."

Mweusi haukuonyesha ndani. Kwa mweupe, mwenye kuvuta huona mafuta yanavyopanda, akaacha kabla hayajafika mdomoni. Kwa mweusi unavuta gizani. Fundi alijua hilo kama anavyojua jina lake. Mwenyewe aliwahi kumfukuza mtu kibandani kwa kuvuta mafuta kwa mdomo. Kati ya mpira unaoonyesha lakini mchafu, na mpira msafi usioonyesha, alichagua msafi. Hakuna kilichokuwa kimemchosha siku ile, wala aibu, wala mke. Alitaka gari lisimame litakapokanyagwa.

Aliondoa kichujio, akaushusha mpira kwenye kitangi, akainama. Mara ya kwanza alivuta kidogo, akaubana kwa vidole, akaacha mafuta yatiririke kwenye kopo tupu alilopewa na Redio. Yakakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Kiwango kikaanza kushuka kwenye plastiki. Bado yalikuwa juu ya mstari. Alivuta mara ya tatu, na hapo ndipo binti aliposema kwa sauti ya juu, "Baba, natapika!" Fundi akageuza kichwa mpira ukiwa mdomoni. Funda zima likaingia, likapita.

Alikohoa, akatema kilichobaki. "Tamu," alisema, akijifuta. "Kumbe tamu."

"Mzee kaonja!" Redio akapiga makofi. "Mzee kanywa breki! Leo hutasimamishwa na mtu!"

Hayo ndiyo aliyoyaona Redio, na hayo ndiyo aliyoyatangaza. Fundi alimshika binti kichwa akamaliza kutapika. Kisha akarudi akavuta mara ya nne, safari hii kwa uangalifu, hadi mafuta yakakaa kidole kimoja chini ya mstari wa juu. Akasukutua kwa maji, akayamwaga maji mengine kwenye bodi pale mafuta yalipodondokea ili yasile rangi. Mazoea ya mikono. Akili ilikuwa kwingine. Alipokuwa akifunga boneti alimwona mkewe. Alikuwa anakimbia. Mwanamke yule ambaye hata kengele ya moto ikilia shuleni hutembea, alikuwa anakimbia katikati ya barabara, mtandio umeanguka shingoni, kiatu kimoja mkononi, na bomba jipya katika karatasi yake ameliinua juu ili mumewe alione kutoka mbali.

"Alikuwa amefunga," alisema akihema. "Nimemfuata nyumbani kwake. Nimemtoa mezani."

"Ingia, Mwalimu. Tayari."

"Umetumia nini kuyatoa?"

"Kwa mpira. Ingia. Maumivu yamekata."

Mwalimu aliingia. Aliliweka bomba mapajani, halijafunguliwa, wakaondoka.

Gari lilikwenda jepesi. Kwenye mteremko wa kona fundi alikanyaga na likatii, akakanyaga na likatii, kona baada ya kona, magurudumu hayakutoa hata harufu. Saa saba kasoro dakika kumi wakawa mlangoni mwa hospitali kuu. Kitanda cha magurudumu kikaja, barua ya tabibu ikasomwa kwa kukimbia, milango ikafungwa. Baada ya saa mbili na nusu daktari wa upasuaji alitoka akiwa bado na kofia. Kilikuwa kimepasuka, akasema, tumbo wameliosha, mngechelewa saa moja nyingine ningekuwa nawaambia mengine.

Mwalimu alikaa chini. Fundi alitoka nje akatapika kwenye ua.

"Ni wasiwasi," alimwambia mkewe.

"Umemeza yale mafuta?"

"Nimeonja tu."

"Umeonja kiasi gani? Mwambie daktari."

"Wamwangalie mtoto kwanza. Mimi ni mzima. Nitaingia pale mbele za watu niseme fundi wa breki miaka thelathini kavuta mafuta kwa mdomo?"

Hapo ndipo alipokosea, na isemwe wazi kwa kuwa hapa kinachoandikwa ni kweli tupu. Mkewe naye alikosea. Alijua sayansi ya kutosha kumburuta kwa shati hadi kwa daktari, na hakumburuta, kwa sababu mlango wa chumba cha binti ulikuwa umefunguliwa na nesi alikuwa akiwaita. Jumamosi fundi alilalamika kiuno. Alikaa kwenye benchi la korido akiyumba kama aliyelewa, na kweli walikuwepo waliopita wakasema wamemkuta amelewa, hospitalini, mtoto mgonjwa. Jumapili uso ulivimba. Asubuhi ya Jumatatu alimwambia mkewe, kwa haya ya mwanamume anayesema jambo la chooni, kwamba tangu jana haendi haja ndogo kabisa.

Daktari, aliposikia, aliweka kalamu mezani. "Ijumaa?" akauliza. "Mafuta ya breki, Ijumaa, nanyi mmekaa kwenye benchi langu hadi leo?" Palikuwa na dawa, akasema, dawa ya siku ya kwanza. Sasa figo zimefunga. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa moja tu kwa hospitali nzima na walioingoja walikuwa wengi. Alimwingiza kwenye orodha, akapigania nafasi, akaipata Jumatano. Mashine ilifanya kazi yake. Figo hazikurudi, na ini nalo likaanza kuchoka.

Mwalimu alikuwa na wagonjwa wawili katika jengo moja, ghorofa mbili tofauti. Alipanda ngazi na kushuka, akibeba uji juu na mashuka chini, na kila alipokuwa kwa mmoja alikuwa akimwibia mwingine. Siku ya sita tangu apasuliwe, binti alisimama kwa mara ya kwanza. Hakutaka kiti cha magurudumu. Alishuka ngazi akiwa ameinama kama bibi kizee, mkono kwenye mshono, hadi kando ya kitanda cha baba yake.

"Tazama," fundi alisema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo. "Anatembea taratibu. Huyu ni wangu."

Binti akacheka, kisha akashika mshono kwa sababu kucheka kulimuuma, kisha akalia. Baba yake alimwomba atoke nje kidogo. Akabaki na mkewe, mlango ukarudishwa, na kwa muda wa kama robo saa wakazungumza, yeye akisema zaidi kuliko alivyowahi kusema kwa mara moja katika ndoa yao yote. Alifariki siku ya pili yake saa nne asubuhi.

Wapo wanaouliza kama katika robo saa ile alimlaumu mkewe kwa yale mafuta. Wapo, wenye adabu zaidi, wanaouliza kama alimsamehe. Wameuliza msibani, wameuliza kwa simu, mmoja ameuliza hata kwa barua. Maneno yale aliambiwa mtu mmoja. Hayakuandikwa hapa na hayataandikwa kwingine, na hakuna atakayeyasikia.